Alama za barabarani Mlima Kenya: Mwenyeji hazihitaji, mgeni hazioni

MADEREVA wanaotumia barabara kuu kutoka Makutano kuelekea Karatina, Nyeri na Nanyuki hutegemea vitu viwili: macho na kumbukumbu. Mchana macho hutosha. Usiku, hasa mvua inaponyesha au ukungu wa Juni na Julai unapoteremka kutoka mlimani, anayesafiri kwa utulivu ni yule anayekumbuka palipo na tuta, palipo na kona na palipo na daraja. Asiyewahi kupita hapo hutegemea vibao vilivyosimikwa kando ya njia, na hapo ndipo shida huanzia.

Kasoro zenyewe si geni kwa yeyote anayeifahamu miji inayouzunguka Mlima Kenya. Kibao kimoja kimefifia hata mchoro wake hautambuliki. Kingine kimemezwa na matete au matawi ya mikaratusi. Cha tatu kimebandikwa tangazo la mganga au picha ya mwaniaji wa kiti aliyeshindwa uchaguzi kitambo. Cha nne kimebaki nguzo tupu, bati lake likiwa limekwenda na wanunuzi wa vyuma kuukuu. Na kuna vile ambavyo, japo ni vizima, vilisimikwa mahali ambapo haviwezi kumsaidia mtu.

Ajabu ni kwamba malalamiko ni machache. Sababu yake ni rahisi. Alama ya barabarani huwekwa kwa ajili ya mgeni, ilhali wenye uwezo wa kuitunza ni wenyeji. Mhandisi wa eneo, afisa wa trafiki, diwani na dereva wa matatu ya kila siku wote wanaijua barabara kama wajuavyo njia ya kwenda kisimani. Kibao kikianguka, hakuna miongoni mwao anayepotea wala kushtuka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika barabara hizi mwenyeji amekwisha kupona, na mgeni ndiye anayekwenda kulala hospitalini.

Gharama ya hali hiyo haiwezi kutenganishwa kikamilifu na gharama ya mwendo wa kasi, ulevi na magari mabovu. Hata hivyo, takwimu za Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA) zinaonyesha kwamba kila mwaka kati ya 2021 na 2024, zaidi ya watu 4,000 walifariki katika ajali za barabarani nchini Kenya, na kundi kubwa zaidi kati yao ni la wanaotembea kwa miguu. Hao ndio ambao kivukio chao, kile chenye mistari ya punda milia, hufutika kwanza.

Upande wa mashariki wa mlima, katika barabara ya Embu kuelekea Meru, daraja la Nithi limekuwa jina la kutisha kwa miaka mingi. Mnamo Julai 24, 2022 basi lililokuwa likielekea Mombasa liliacha njia na kutumbukia bondeni hapo. Watu zaidi ya 30 walifariki. Hitilafu ya breki ilitajwa mapema kuwa chanzo kilichoshukiwa, na kwa mara nyingine ukazuka mjadala kuhusu mteremko na kona zinazolikaribia daraja hilo.

Mfano wa mteremko mrefu wa namna hiyo unaeleza vizuri kazi ya alama kuliko mfano mwingine wowote. Breki hupunguza mwendo kwa msuguano, na msuguano huzaa joto. Dereva wa basi au lori anayeteremka kwa gia ya juu huku amekanyaga breki mfululizo huzipasha moto hadi zinapoteza nguvu. Kufikia hapo, hata akikanyaga kwa miguu miwili gari halisimami. Dawa ni kuingiza gia ya chini kabla ya kuanza kuteremka, ili injini yenyewe ilizuie gari. Kwa hiyo kibao cha kumwonya hakina maana kikiwekwa karibu na daraja. Mahali pake ni juu kabisa, kabla ya mteremko kuanza, na kinafaa kumweleza dereva mambo mawili: mteremko una ukali gani na una urefu gani. Kibao kinachosema "hatari" pale chini humpa dereva habari ambayo tayari anayo.

Hesabu ya umbali na muda ndiyo kiini cha usanifu wa alama, na ndiyo hupuuzwa zaidi. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu ulioruhusiwa kwa matatu na mabasi tangu kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilipoanza kutekelezwa mwaka wa 2004, husafiri takriban mita 22 kwa kila sekunde. Dereva huchukua kati ya sekunde moja na nusu na mbili na nusu kuona jambo, kulielewa na kufikisha mguu kwenye breki. Katika muda huo gari limekwisha kwenda mita 33 hadi 55, na bado halijaanza kupunguza mwendo.

Sasa tuchukue kibao chenye maandishi. Kanuni inayotumiwa na wasanifu ni kwamba kila sentimita moja ya urefu wa herufi husomeka kwa umbali wa karibu mita sita, kwa mtu mwenye macho mazuri na kibao kikiwa safi. Herufi za sentimita kumi basi husomeka kutoka mita 60. Kwa mwendo wa kilomita 80, dereva ana chini ya sekunde tatu kabla ya kukipita kibao hicho. Katika sekunde hizo asome majina manne ya miji, ajue mshale upi ni wake, atazame kioo, awashe taa ya kugeukia na kupunguza mwendo. Hawezi. Ndiyo sababu katika njiapanda kubwa kama ya Marua, ambapo anayekwenda Nyeri mjini huachana na anayekwenda Nanyuki, kibao cha kwanza kinafaa kusimama mamia ya mita kabla ya njiapanda yenyewe, na kile cha pale pale kiwe cha kuthibitisha tu.

Upanuzi wa barabara ya Kenol, Sagana hadi Marua, mradi wa kilomita 84 ulioanza mapema katika miaka ya 2020, umeifanya hesabu hii kuwa nzito zaidi. Njia ikiwa pana, magari hukimbia zaidi, na kibao kilichotosha zamani huwa kidogo. Tena dereva aliyekosa njia ya kutokea hawezi tena kugeuza gari popote apendapo, ingawa wapo wanaojaribu. Mkulima aliyezoea kuvuka kwenda sokoni Karatina kwa hatua kumi sasa anavuka njia mbili za magari yanayokuja kwa kasi kutoka pande tofauti. Anahitaji kuonyeshwa palipo na daraja la miguu au njia ya chini, na dereva anahitaji kuonywa kuhusu yeye.

Usiku huleta jambo jingine ambalo rangi ya kawaida haiwezi kulitatua. Uso uliopakwa rangi ya kawaida hutawanya mwanga wa taa za gari kila upande, na sehemu ndogo sana humrudia dereva. Kibao cha kisasa hufunikwa kwa utando maalumu wenye chembe ndogo mno za kioo, au vipande vidogo vyenye pembe, ambavyo huupokea mwanga na kuurudisha kule kule ulikotoka. Ndiyo maana kibao kizuri huonekana kana kwamba kina taa ndani yake. Mwingereza Percy Shaw alitumia wazo hilo hilo katika miaka ya 1930 alipobuni macho ya paka, vile vioo vidogo vinavyopachikwa katikati ya barabara.

Utando huo hauishi milele. Jua kali la ukanda wa ikweta huuchosha, na ule wa daraja la chini huanza kupoteza nguvu baada ya miaka michache. Vumbi jekundu la Murang'a na Kirinyaga, linalogeuka tope mvua ikinyesha, huufunika hata ukiwa bado mpya. Mchana kibao kama hicho huonekana kizima, na mkaguzi aliyepita saa tano asubuhi huandika kwamba kipo na kiko sawa. Kipimo cha kweli ni kukipitia usiku, taa za gari zikiwa zimeinamishwa.

Alama nyingi zinazotumika Kenya zina asili yake Uingereza. Kitabu rasmi cha alama za barabarani kilichoandaliwa na Wizara ya Ujenzi katika miaka ya 1970 kilifuata kwa kiasi kikubwa mtindo uliokuwa umepangwa upya huko muongo mmoja uliotangulia. Waingereza wenyewe walikuwa na vurugu ya vibao vya kila namna hadi kamati iliyoongozwa na Sir Walter Worboys ilipotoa ripoti yake mwaka wa 1963, na mfumo mpya ukaanza kutumika mwaka wa 1965. Wasanifu wake wakuu walikuwa Jock Kinneir na Margaret Calvert, mzaliwa wa Afrika Kusini.

Walifanya maamuzi ambayo leo yanaonekana madogo. Waliacha kuandika majina ya miji kwa herufi kubwa tupu, wakatumia herufi kubwa mwanzoni na ndogo zilizobaki. Neno lililoandikwa kwa herufi kubwa tupu huwa kama tofali: likiwa mbali, tofali moja halitofautiani na jingine. Neno lenye herufi ndogo lina vilima na mabonde yake, na jicho hulitambua hata kabla ya kulisoma. Calvert pia aliichora upya alama ya watoto wanaovuka. Ile ya zamani ilikuwa na mvulana mwenye kofia ya shule akimwongoza msichana; yeye akachora msichana amemshika mkono mvulana mdogo. Ni mchoro ambao mzazi wa Othaya au Chuka huuelewa bila kufafanuliwa, maana ndivyo watoto wanavyokwenda shule asubuhi.

Umbo nalo lina lugha yake. Pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, duara lenye ukingo mwekundu hukataza, na kibao cha kusimama kina pembe nane ili kitambulike hata kikiwa kimejaa tope, na hata na anayekiona kwa nyuma. Mtu anapojitengenezea kibao chake kwa bati la mraba na kuandika onyo kwa rangi ya buluu, kama inavyofanyika nje ya baadhi ya shule na makanisa, nia yake ni njema lakini anazungumza lugha isiyokuwepo. Nyeri yenyewe ina ushahidi wa nguvu ya alama iliyokubaliwa. Juu ya kaburi la Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti aliyefariki mjini humo Januari 8, 1941, pamechongwa duara lenye nukta katikati. Kwa skauti wa nchi yoyote, alama hiyo ya njiani husema: nimekwenda nyumbani. Haina herufi hata moja.

Pale ambapo maneno hayaepukiki, eneo hili lina tatizo lake la tahajia. Majina ya mahali yalipitia mikono mingi. Murang'a iliitwa Fort Hall, na Nyahururu ikaitwa Thomson's Falls. Majina ya asili yaliporejeshwa, hayakuandikwa kwa utaratibu mmoja. Naro Moru, jina lenye asili ya Kimaasai, huandikwa kwa maneno mawili hapa na kwa neno moja pale. Kibandiko cha ng' hudondoshwa, na Ruring'u au King'ong'o ikasomwa kwa sauti ambayo mwenyeji haitambui. Kwa mhariri hilo ni kosa la herufi. Kwa dereva wa ambulensi aliyetoka kaunti nyingine, au kwa mtalii mwenye ramani inayosema vingine, ni dakika zinazopotea akiuliza njia. Katiba ya 2010 iliifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia mojawapo ya lugha mbili rasmi, lakini kwenye vibao vingi vya maandishi Kiingereza bado kimetawala. Mhudumu wa bodaboda anayejua vizuri maana ya "punguza mwendo" hana sababu ya kuandikiwa vingine.

Matuta yanastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa hakuna kifaa cha usalama kilichogeuzwa mtego kama hicho. Tuta lina kazi ya kumlazimisha dereva kupunguza mwendo mbele ya shule au soko, na linafanya kazi hiyo endapo tu atalijua kabla ya kulifikia. Linahitaji kibao kabla yake, kibao jingine palipo lenyewe, na mistari ya rangi mgongoni. Rangi ndiyo huondoka kwanza. Baada ya hapo tuta lina rangi ya lami, na usiku wa mvua halionekani kabisa. Mwenye gari hupoteza springi. Mwenye pikipiki hurushwa. Mara nyingi matuta hujengwa kwa haraka baada ya wanakijiji kuandamana kufuatia kifo cha mtoto. Hasira hiyo inaeleweka, lakini tuta lililojengwa kwa hasira na kuachwa bila alama humtafuta mtu mwingine wa kumuumiza.

Jingine ni mpaka wa mji. Sheria ya Trafiki huweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa ndani ya miji na vituo vya biashara. Lakini mji unaanzia wapi? Vituo kama Chaka vimekua kwa kufuata barabara, maduka yakisogea mwaka baada ya mwaka, huku kibao cha mwendo kikiwa hakina miguu ya kuyafuata. Matokeo yake ni kwamba dereva huingia katikati ya watu kabla hajaambiwa apunguze, au hukamatwa na polisi wenye kamera mahali ambapo angeapa kwamba hakuona kibao chochote. Mara nyingine huwa anasema kweli.

Kuhusu wizi, lawama zimekuwa zikielekezwa kwa vijana wanaong'oa vibao, ingawa kijana hali bati. Yupo anayenunua. Mnamo Januari 2022, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na nchi kukumbwa na giza, aliyekuwa Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma kuukuu. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi Mei mwaka huo huo, na wafanyabiashara wakawekewa masharti. Bati la alama huwa na rangi, mchoro na matundu ya skrubu yanayoonyesha wazi lilikotoka, na mnunuzi hawezi kudai alidhani ni sufuria. Njia nyingine ni kukiondolea kibao thamani ya mnadani kwa kutumia nguzo za plastiki iliyorejelewa au za zege, na bati lililotobolewa makusudi ili lisifae kwa kuezekea wala kutengenezea jiko.

Maswali haya yote huishia kwenye swali la nani mwenye kibao. Sheria ya Barabara ya 2007 iliunda mamlaka tatu: ya Barabara Kuu za Kitaifa (KeNHA), ya Barabara za Mijini (KURA) na ya Barabara za Mashambani (KeRRA). Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka wa 2013, nazo zikapewa barabara za kaunti. Mji mmoja kama Karatina au Nanyuki unaweza basi kuwa na barabara kuu inayosimamiwa na taasisi moja, mitaa inayosimamiwa na nyingine, na barabara ya kutoka mashambani yenye mwenyewe wa tatu, zote zikikutana katika njiapanda moja. Kibao cha njiapanda hiyo ni cha nani? Mwananchi aliyekwenda kuripoti hupelekwa afisi hii hadi ile, na mara nyingi huishia kuacha.

Fedha zipo, angalau kwenye karatasi. Ushuru wa matengenezo ya barabara hutozwa kwa kila lita ya petroli na dizeli, na mnamo Julai 2024 uliongezwa kutoka Sh18 hadi Sh25. Mkulima wa kahawa anayemlipa mwenye pikipiki ampeleke kiwandani amechangia ushuru huo, ajue asijue. Lakini kaunti na serikali kuu zimevutana kwa miaka kuhusu mgao wake, na hata fedha zinapotoka, hupelekwa kwanza kwenye mashimo. Shimo lina sauti: huvunja gari la mheshimiwa. Kibao kilichofifia hakivunji gari la yeyote anayejua njia.

Ndovu hawasomi vibao, na kwao ilibidi suluhisho jingine litafutwe. Katika barabara kuu ya Nanyuki kuelekea Isiolo, zaidi ya Timau, ilijengwa njia ya chini inayounganisha msitu wa Mlima Kenya na ule wa Ngare Ndare, na ndovu wa kwanza akaipita mapema mwaka wa 2011. Wahifadhi walitambua kwamba mnyama hatabadilika, wakabadilisha barabara. Binadamu anayevuka usiku akitoka sokoni naye hana taa, na fulana inayong'aa haimo katika bajeti yake.

Kusini kidogo mwa mji wa Nanyuki kuna kibao kinachojulikana kuliko vyote katika eneo hili: kile cha ikweta. Watalii hupanga foleni kupiga picha hapo, na vijana huwaonyesha jinsi maji yanavyozunguka kwenye karai upande huu na ule wa mstari, maonyesho ambayo wanasayansi huyatabasamia. Kibao hicho hakikosi wa kukiangalia, kwa kuwa wachuuzi wa vinyago wanaokizunguka hula kwa sababu yake. Kikianguka leo, kesho kitakuwa kimesimama.

Vibao vingine havina mchuuzi, hivyo vinahitaji ratiba. Mvua za masika huanza Machi na za vuli Oktoba. Kukata matawi, kuosha vibao kwa maji na sabuni na kupaka matuta rangi kabla ya misimu hiyo miwili hakuhitaji mwanakandarasi kutoka ng'ambo. Kunahitaji gari moja, vibarua wachache na ngazi. Na ukaguzi unafaa kufanywa usiku, na dereva ambaye hajawahi kupita njia hiyo, aliyeombwa kutoka kaunti nyingine, huku afisa aliye kando yake akiandika kila mahali ambapo mgeni huyo amekanyaga breki kwa kushtuka.